Ufunguo Uliozama Mbamba Bay

Msomaji mpendwa, kabla sijakupeleka mbali naomba nikiri kosa langu. Ufunguo niliupoteza mimi. Hakuupoteza mtoto wa mtu, wala haukuchukuliwa na jini la ziwani kama walivyonitetea baadhi ya akina mama pale ufukweni. Ni mimi mwenyewe, kijana niliyeishia kidato cha nne, ninayejiita mwandishi wa riwaya ilhali riwaya yenyewe bado iko kwenye kaunta buku tatu chini ya mto.

Wakati huo nilikuwa konda wa gari la baba mdogo, Toyota Noah iliyokuwa ikipakia abiria kati ya Mbinga mjini na Mbamba Bay. Zamani safari ile ilikuwa adhabu. Masika yakikolea, watu walilala njiani na tope likifika magotini. Siku hizi kuna lami ya kilometa zipatazo 66. Unatoka kwenye baridi ya Umatengo, kwenye kahawa na mashimo ya ngoro, unashuka kona baada ya kona mpaka masikio yanaziba, mara ziwa hilo hapo, limetandaza bluu yake kama kitenge kipya. Asubuhi tunashusha watu, alasiri tunapakia watu na samaki.

Siku ya tukio baba mdogo alikwenda kula. Akaniachia ufunguo nipakie mizigo ya akina mama: ndoo za mbasa wabichi na viroba vya dagaa ambao hawakuwa wamekauka sawasawa. Nikapakia, nikafunga milango kwa rimoti, ikalia ‘tii!’ kama ndege aliyefurahi. Raha iliyoje kwa kijana kubonyeza kitu na gari likamwitikia mbele za watu! Kisha joto likanizidi, nikaingia majini na kaptula yangu niogee kidogo. Nilipotoka, mfuko ulikuwa mwepesi.

Vijana walipiga mbizi mpaka jua likazama. Tulipata kandambili moja, kijiko na ndoana iliyoota kutu. Ufunguo hakuna. Na msomaji, sikiliza neno hili: ulikuwa ndio huo huo mmoja. Baba mdogo alinunua gari Dar es Salaam kwa mtu, akapewa ufunguo mmoja, akaambiwa wa pili utafuata. Haukufuata.

“Shikamoo baba mdogo,” nilimwambia aliporudi, ingawa asubuhi nilikwisha kumwamkia. Akanitazama, akajua.

Basi akaitwa fundi wa hapo kijijini, mtu mwenye sifa ya kuwasha chochote chenye magurudumu. Alipenyeza waya juu ya kioo, dakika tano mlango ukafunguka. Tukapiga makofi. Akavunja kufuli la usukani, akafungua mfuniko wa chini yake, akachagua nyaya, akaziunganisha. Stata ikazunguka vizuri kabisa, che-che-che-che. Injini ikakataa. Akarudia. Ikakataa. Kwenye dashibodi kitaa chekundu kikawa kinakonyeza, kinakonyeza, kama mtu anayekudhihaki kwa adabu.

Fundi akajifuta mikono. “Bwana wee, hii ina chipu. Hapa mimi sina changu.”

Usiku ule niliulala ndani ya gari pamoja na harufu ya samaki, nikajiuliza swali ambalo ndilo lililozaa makala hii: ni lini hasa ufunguo uliacha kuwa chuma?

Tuanze mbali. Wamisri wa kale walikuwa na kufuli la mti. Ndani yake kulikuwa na vijiti vilivyodondoka kwa uzito wake na kulizuia komeo. Ufunguo nao ulikuwa wa mti, mkubwa kama mswaki wa jitu, una meno yanayovisukuma vile vijiti juu, komeo likateleza. Maelfu ya miaka baadaye, katika miaka ya 1860, Mmarekani Linus Yale mdogo alichukua wazo lile lile akalitia ndani ya silinda ndogo ya shaba, vijiti vikiwa vya chuma vyenye urefu tofauti tofauti na springi juu yake. Kufuli lililo mlangoni kwako leo, hata lile la dukani kwa Mangi, ni mjukuu wa kazi hiyo. Siri yake yote iko kwenye umbo. Mwenye umbo sahihi anaingia, awe mwenye mali, awe mwizi. Na fundi mwenye tupa na jicho zuri anaweza kulinakili umbo hilo sokoni wakati wewe unakunywa chai.

Magari yalipoanza hayakuwa na mambo ya ufunguo wa kuwashia. Injini iliamshwa kwa hendeli. Mtu anasimama mbele ya gari, anaingiza chuma kilichopinda, anazungusha kwa nguvu zake zote, na akizembea hendeli inarudi nyuma kwa kishindo inamvunja mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilitoa gari lenye stata ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering, na mikono mingi ikaokoka. Hata hapo, kazi ya ufunguo ilikuwa kufungulia umeme tu. Stata ilikuwa na kitufe chake au pedali yake. Land Rover za mwanzo, zile zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1948, zilikuwa hivyo: unageuza ufunguo, halafu unabonyeza kitufe. Ni Chrysler, katika magari yake ya mwaka 1949, waliounganisha mambo mawili, ukigeuza ufunguo mara moja tu gari linanguruma. Mtindo huo ukaenea dunia nzima.

Jambo la kuchekesha ni hili. Ford ya modeli T, gari lililouzwa kwa mamilioni, ilikuwa na aina 24 tu za funguo za swichi, zenye namba kuanzia 51 mpaka 74. Yaani ukiwa na kishada cha funguo 24 mkononi, unaweza kuiwasha Ford ya mtu yeyote! Watu wa wakati ule waliishi na jambo hilo. Ufunguo ulikuwa kama hodi, si kama ukuta.

Kwetu huku ulegevu huo uliendelea kwa muda mrefu, na sioni kwamba ulikuwa na ubaya mwingi. Wazee wa Mbinga wanakumbuka malori ya kubebea kahawa yaliyowashwa kwa bisibisi. Ufunguo ulipotea mwaka fulani, dereva akazoea bisibisi, na gari likaendelea kuitwa zima. Betri ikifa, linaegeshwa mteremkoni, asubuhi abiria wanashuka wanasukuma. Nani angeliiba lori kama lile? Barabara ni moja, kila mtu analijua kwa mlio, na dereva anajulikana kwa jina la baba yake. Lori lililindwa na watu waliolifahamu.

Sasa mambo yalibadilika wapi? Wala si kwetu. Yalibadilika Ulaya.

Mwaka 1989 Ukuta wa Berlin ulianguka. Mipaka iliyokuwa imefungwa kwa miaka mingi ikalegea, na pamoja na heri nyingi ikaja biashara ya magari ya wizi. Gari linaibwa Ujerumani usiku, kabla ya wiki kwisha liko mashariki na namba nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wizi huo ulipanda kiasi kwamba kampuni za bima, ambazo ndizo zilizolipa fidia, zilichoka. Zikawabana watengenezaji: tengenezeni gari ambalo kuunganisha nyaya hakutoshi. Marekani walikwisha kujaribu kidogo. Kuanzia Corvette ya modeli ya mwaka 1986 kampuni ya General Motors iliweka kipande cha kuzuia umeme kwenye jani la ufunguo, na gari likipima kiasi tofauti linagoma. Lakini viwango vile vilikuwa 15 tu, mwizi mvumilivu aliweza kuvijaribu vyote.

Dawa kali zaidi ikawa chipu. Kisha Umoja wa Ulaya ukatoa agizo mwaka 1995, na kufikia Oktoba 1998 magari mapya ya abiria huko yalilazimika kuwa na kizuizi cha umeme, kile mafundi wetu wanachokiita imobilaiza. Japani haikulazimishwa na sheria ya namna hiyo, lakini viwanda vyake viliuza dunia nzima, vikafuata. Ndiyo maana Noah mbili zinazofanana kama mapacha, zote zimetumika Japani, moja inaweza kuwa na chipu na nyingine haina. Mnunuzi wa Dar es Salaam haambiwi. Anaangalia rangi, viti na redio.

Niruhusu nieleze chipu yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu nilipoelewa hasira yangu ilipungua.

Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna kitu kidogo kama punje ya mchele. Hakina betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna waya uliosokotwa duara. Ukiingiza ufunguo na kugeuza, waya ule unatoa mawimbi, na mawimbi hayo yanaipa ile punje nguvu kidogo ya kuamka. Gari linaiuliza, punje inajibu. Katika chipu za kwanza jibu lilikuwa namba ile ile kila siku. Baadaye wakawa wajanja zaidi: gari linatupa namba yoyote hewani, chipu inaichanganya na siri iliyomo ndani yake, inarudisha jawabu. Gari nalo linajua siri ile ile, linafanya hesabu yake kimya kimya. Majibu yakilingana, kompyuta ya injini inaruhusu mafuta na cheche. Yasipolingana, stata utaizungusha mpaka betri ife.

Rimoti ni jambo jingine kabisa, ingawa mara nyingi hukaa nyumba moja na chipu. Rimoti inahitaji betri, na kazi yake ni kufunga na kufungua milango. Ilianza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa gari la Kifaransa, Renault Fuego, iliyotumia mwanga usioonekana kama rimoti ya televisheni. Baadaye wakahamia mawimbi ya redio, na ili mwizi asirekodi mlio akaurudia, namba ikawa inabadilika kila unapobonyeza. Kwa hiyo ndugu yangu, betri ya rimoti ikiisha usimwite fundi wa kompyuta. Ingiza ufunguo mlangoni, uzungushe, washa gari uende. Watu wengi wametapeliwa hapo.

Je, siri hiyo haiwezi kuvunjwa? Inaweza. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA, huko Marekani, walionyesha kwamba wameivunja chipu moja iliyokuwamo kwenye mamilioni ya funguo za magari. Siri yake ilikuwa na tarakimu 40 za sifuri na moja, yaani uwezekano zaidi ya trilioni moja. Linganisha na ile Ford ya funguo 24! Hata hivyo kompyuta zao zilizitafuna. Viwanda vikatengeneza siri ndefu zaidi. Na ndivyo itakavyokuwa, kufuli na mwizi wakifukuzana kama jua na mwezi.

Asubuhi ya pili babu mmoja aliyetokea Liuli alikaa na mimi chini ya mwembe akinisaidia kungoja. Nilipomweleza akacheka. “Mjukuu wangu, sisi tumekwisha kuona meli nzima imekwama hivyo hivyo.”

Alinikumbusha habari ya Agosti 1914. Liuli, Wajerumani waliita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake. Meli yao ya Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Tarehe 13 Agosti meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ikatokea ziwani ikaishambulia. Nahodha wa Kijerumani alishangaa, maana Rhoades alikuwa rafiki yake. Hakuwa na habari kwamba nchi zao zimeingia vitani. Habari zilimfikia mwenzake kwanza. Vita vya Ulaya, vilivyoanzishwa na watu wa Ulaya, vikafika hapa kabla ya barua.

Yule babu aliishia hapo. Mimi ndiye niliyebaki nikiunganisha. Wezi wa magari wa Ujerumani, kampuni zao za bima, agizo la mwaka 1995. Yote hayo yamesafiri mpaka ghuba ya Mbamba Bay, na aliyelipa ni mama mmoja mwenye ndoo nne za mbasa. Hakuwahi kuiba gari. Hana gari. Kosa lake ni kumkabidhi konda samaki wake. Tuliwatoa samaki fundi alipofungua mlango, lakini basi la kuwawahisha Mbinga lilikwisha kuondoka, na mbasa hawangoji. Kesho yake aliwamwaga. Hakunitukana. Aliosha ndoo zake moja moja, akazipanga, akaniambia, “Haya baba, ndiyo dunia.” Afadhali angenitukana.

Sisemi chipu ni mbaya. Mwenye gari Dar es Salaam analala usingizi kwa sababu ya chipu. Ninachosema ni kwamba kila kufuli linapozidi akili, gharama ya kupoteza ufunguo humwelemea zaidi aliye mbali na fundi. Zamani fundi alikuwa kila kijiji, kwa kuwa kilichohitajika ni tupa na jicho. Sasa anahitajika mtu mwenye mashine, kompyuta na mtandao, na mtu huyo yuko Songea, au asipopatikana huko, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900.

Wa kwetu alipatikana Songea. Alifika siku ya tatu na begi mgongoni, kijana wa umri wangu, mpole. Kabla hajagusa gari aliomba kadi ya gari na kitambulisho cha baba mdogo, akalinganisha majina, akapiga picha. Nikaona kama anatudharau. “Si dharau, mdogo wangu,” akasema. “Kazi hii ninayoijua, mwizi naye anaitamani.” Kumbe mwisho wa hesabu zote zile za trilioni, mlinzi wa gari ni uaminifu wa fundi mmoja!

Kwanza alitoa kitasa cha mlango, akakifungua, akapima vibati vya ndani kimoja kimoja, urefu wake akauandika kwenye karatasi. Kwa namba hizo akachonga jani la chuma. Hiyo ni kazi ya Yale, haijafa. Kisha akaeleza: kama tungekuwa na ufunguo mmoja mzima, ule mkuu, kuongeza wa pili kungekuwa kazi ndogo, kwa sababu gari likimwona mwenyeji linakubali kumpokea mgeni. (Toyota nyingi za miaka ile zilikuja na ufunguo mweusi ulio mkuu na wa kijivu wa kumwachia mwegeshaji, wa kijivu unawasha gari lakini haupokei wageni.) Kwa kuwa mwenyeji alikuwa chini ya ziwa, ilibidi kuiingilia kumbukumbu ya gari yenyewe. Akaitoa kompyuta ya injini, akaifungua, akanionyesha kidude cheusi chenye miguu minane, kidogo kuliko ukucha. “Funguo zote linazozijua gari hili zimeandikwa humu.” Akaisoma kwa mashine yake, akahifadhi nakala, akafuta majina ya zamani, akaandika mapya.

Saa kumi na moja jioni baba mdogo aliingiza ufunguo mpya. Kitaa chekundu kikazimika. Injini ikaitika mara ya kwanza. Watoto wakashangilia.

Fundi alitengeneza miwili. “Mmoja wa safari, mmoja wa msiba,” akasema, na sisi tukaelewa. Ukiwa na gari lenye ufunguo mmoja, msomaji, usingoje. Nenda kachongeshe wa pili wakati wa kwanza ungali hai.

Gharama yote, pamoja na nauli ya fundi, malazi yake na mbasa za yule mama, ilizidi laki nne. Baba mdogo alilipa nusu. Nusu nyingine nilitoa mimi, fedha niliyoiweka tangu msimu wa kahawa ili kaunta buku zangu zikachapwe kwenye steshenari mjini. Hakuniomba. Nilizileta zimefungwa kwenye leso, akazihesabu, akazitia mfukoni bila neno. Njia nzima ya kupanda Mbinga hakusema kitu, na mimi nilikaa kiti cha konda nikitazama taa zinavyolamba kona.

Tulipofika nyumbani alizima injini. Akavitenganisha vile vifunguo viwili, kimoja akakitia mfukoni mwake. Nikajua kingine atampelekea mama mdogo akifungie kabatini.

Akaninyooshea mkono gizani. “Kaa nao huu,” akasema. “Na usiogelee nao.”

Uko hapa, umetundikwa msumarini juu ya kaunta buku zangu. Riwaya itasubiri msimu ujao wa kahawa.